Gome la mti kwenye chanjo: pua yataka hadhari

Magome ya mti wa kwilaja wa Chile yana saponini, kitu kitoacho povu kama sabuni. Ikisafishwa na kupimwa, huamsha kinga ya mwili ili chanjo ifanye kazi vyema. Imo kwenye RTS,S, chanjo ya malaria iliyojaribiwa Kilifi pia. Hiyo hudungwa sindano. Kwa chanjo za puani, watafiti wameijaribu kwa wanyama, kwani pua ndiyo mlango wa mafua.

Lakini pua ni nyeti. Uswisi, msimu wa 2000 hadi 2001, chanjo ya puani iliyochochewa kwa sumu ya bakteria iliondolewa baada ya baadhi ya watu kupooza uso.

Basi ndugu msomaji, usimtie mwanao majani puani ukadhani umemchanja. Dawa ni kipimo.