Mafumbo ya maneno kwenye simu: Mbinu za kulipata neno na kubaki na maana yake

Michezo ya kufumbua maneno imekuwa kitu cha kawaida kwenye simu janja. Mtu yuko kwenye daladala, yuko kwenye foleni ya benki au anasubiri chai ichemke, anafungua simu na kuanza kulisaka neno la siku. Mchezo hauli bando sana, na dakika tano zinatosha.

Shida huja baada ya ushindi. Mchezaji anapata neno sahihi, anafurahi, anawatumia wenzake matokeo, kisha anafunga simu bila kujua neno lenyewe lina maana gani. Yaani ameshinda herufi tu, neno limempita.

Michezo hii ilianzia wapi?

Fumbo la jedwali, lile la kujaza visanduku kwa kufuata vidokezo, lilianza magazetini. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, Uingereza, alichapisha la kwanza katika gazeti la New York World la Marekani tarehe 21 Desemba 1913.

Wordle ni mtoto wa juzi. Ilitengenezwa na Josh Wardle, mtaalamu wa programu mzaliwa wa Wales anayeishi Marekani. Tarehe 1 Novemba 2021 ilikuwa na wachezaji 90. Miezi miwili baadaye walizidi 300,000, na mwishoni mwa Januari 2022 gazeti la New York Times likainunua.

Kanuni yake ni nyepesi. Mchezaji ana nafasi sita za kulipata neno la herufi tano. Kijani maana yake herufi ipo na iko mahali pake. Njano, ipo lakini imekaa pasipo pake. Kijivu, haipo kabisa.

Waswahili walikuwa na mchezo wao kabla ya haya yote. Anayetega husema "Kitendawili!" na wenzake hujibu "Tega!" Anayeshindwa hutoa mji ndipo aambiwe jibu. Jibu halikuwa la bure.

Kiswahili kina njia zake

Mbinu nyingi zinazosambaa mtandaoni zimetungwa kwa ajili ya Kiingereza. Kwa neno la Kiswahili, mambo haya ndiyo yanasaidia:

• Karibu maneno yote huishia kwa irabu. Kisanduku cha mwisho kina uwezekano wa herufi tano tu: a, e, i, o au u.

• Herufi q na x hazitumiki, na c haikai bila h. Ukiona c, h inafuata.

• Herufi n mara nyingi hutangulia d, g, j, y au z, kama katika ndizi, ngoma, njia, nyama na nzige. Herufi m hupenda kukaa kabla ya b, kama katika mbegu na jambo.

• Herufi a ndiyo inayotumika kuliko zote. Neno la kwanza lisilo na a ni kupoteza nafasi.

Kwa hiyo "kiatu" ni neno zuri la kuanzia. Lina a, i na u, pamoja na k na t. Likifuatiwa na "ngome", mchezaji anakuwa amepima irabu zote tano na konsonanti tano tofauti kwa majaribio mawili tu.

Mfano: kulisaka neno "tembo"

Tuseme neno lililofichwa ni "tembo". Mchezaji anaandika "kiatu". Herufi k, i, a na u zinakuwa kijivu, t inakuwa njano.

Anaandika "ngome". Herufi n na g zinakuwa kijivu, ila o, m na e zinakuwa njano.

Hapo hakuna haja ya kubahatisha. Herufi ya mwisho lazima iwe irabu. A, i na u zimeshatoka. E imejaribiwa mwishoni na haikai hapo. Imebaki o.

Sasa ana t, e, m na o mwishoni, na konsonanti moja haijulikani. Akikumbuka kuwa m na b ni marafiki, "tembo" linajitokeza lenyewe. Jaribio la tatu, kazi imekwisha.

Au ndiyo imeanza?

Tembo yupi?

Wengi wakisikia tembo huona mnyama mkubwa mwenye mkonga, yaani ndovu. Lakini tembo pia ni kinywaji kinachogemwa kwenye mnazi.

Methali inasema: "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Anayemjua ndovu peke yake atabaki anajiuliza mnyama anatiwaje maji. Anayejua maana zote mbili ataelewa kwamba mgema aliyesifiwa amelewa sifa, akaanza kuiharibu kazi yake mwenyewe.

Sarufi nayo inatoa ishara. Neno "hulitia" lina "li" kwa sababu tembo hapo ni kinywaji. Angekuwa mnyama, methali ingesema "humtia". Silabi moja imebadilisha maana yote.

Ndiyo maana mtoto anayejua neno kwa umbo tu anaweza kushinda mchezo kila siku, halafu akakwama kwenye swali la methali shuleni.

Maneno mengine ya herufi tano yenye maana zaidi ya moja

• Mbuzi: mnyama wa kufugwa, pia kifaa cha kukunia nazi.

• Kanga: ndege mwenye madoadoa, pia vazi la kitambaa lenye maandishi, ambalo Mombasa huitwa pia leso.

• Shuka: kitambaa cha kutandika kitandani; pia kuteremka.

• Chuma: madini magumu ya kutengenezea zana, pia kuangua matunda au kukata maua.

• Panda: kukwea, kufukia mbegu ardhini, pia mahali kitu kinapogawanyika, kama katika njia panda.

• Ndege: kiumbe mwenye mabawa, pia chombo cha usafiri wa angani.

Kwenye fumbo la jedwali, kidokezo hutegua utata

Katika jedwali, kidokezo ndicho kinachoamua ni maana ipi inatakiwa. "Hutumika kukunia nazi" hakina uhusiano na mnyama, ingawa jibu ni lilelile, mbuzi.

Umbo la kidokezo nalo husema mengi. Kikiwa "Wanaofundisha", jibu huenda likaanza na "wa", kama walimu. Kikiwa "Mtu anayegema", jibu huenda likaanza na "m", na hapo mgema anapatikana haraka. Kikiwa katika wingi, jibu nalo linatakiwa liwe katika wingi. Anayeandika "kiti" mahali pa "viti" atavuruga maneno yote yanayopita hapo.

Namna ya kulitafuta neno kwenye kamusi

Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1981 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ya mwaka 2015, ni msaada mkubwa. Lakini wengi hulikosa neno kwa sababu wanalitafuta pasipo pake.

Nomino hutafutwa katika umoja. "Meno" liko chini ya jino, "nyuso" liko chini ya uso, na "kuta" liko chini ya ukuta.

Kitenzi hutafutwa baada ya kuvuliwa viambishi. "Walichezeana" ni cheza.

Neno lenye maana zisizohusiana huandikwa zaidi ya mara moja, kila mara na namba yake. Atakayeishia kwenye namba ya kwanza ataondoka na nusu ya habari.

Kuangalia jibu mapema kuna hasara

Leo majibu ya mafumbo yako mtandaoni, na kuyatafuta ni sekunde chache. Kinachopotea ni ile kazi ya kuchokonoa kumbukumbu.

Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walisoma mara mbili. Wengine walisoma mara moja, kisha wakajipima bila kuangalia.

Baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliojipima walikumbuka asilimia 56, na waliorudia kusoma asilimia 42.

Vile vilikuwa vifungu vya habari, si maneno ya mchezo. Hata hivyo, somo lake linafaa hapa: kuhangaika kukumbuka ni sehemu ya kujifunza.

Hatua nne baada ya kushinda

1. Kabla ya kufungua kamusi, jaribu kutaja maana zote unazozijua za neno hilo.

2. Fungua kamusi na usome kila maana, hadi namba ya mwisho.

3. Andika sentensi moja kwa kila maana kwenye sehemu ya kuandikia kumbukumbu katika simu.

4. Baada ya wiki, taja maana hizo bila kuchungulia. Iliyokataa kuja, isome tena na uitungie sentensi mpya.

Hatua hizi hazimalizi dakika kumi, na kamusi moja inaweza kutumika na nyumba nzima. Kwa neno moja kwa siku, mwaka ukiisha mchezaji atakuwa amepitia maneno 365, kila moja akilijua kwa maana zake na si kwa rangi ya visanduku tu.