Banyani Mbaya, Kiatu Chake Dawa: Utambulisho na Uenyeji wa Wahindi wa Machakos

1. Utangulizi

Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwezi wa Desemba 1991, Warusi wapatao milioni 25 walijikuta nje ya Urusi bila ya kuhama nyumba zao. Pamoja nao walikuwapo Waukraini, Wabelarusi, Wayahudi na wengineo ambao lugha yao ya kila siku ilikuwa Kirusi. Katika Estonia na Latvia, serikali zilizorejesha uhuru ziliwatambua kuwa raia wale waliokuwa raia kabla ya kutwaliwa kwa nchi hizo na Wasovieti mwaka 1940, pamoja na vizazi vyao. Waliosalia walitakiwa kuuomba uraia na, miongoni mwa masharti mengine, kuthibitisha ujuzi wa lugha ya nchi. Mwanasosholojia Rogers Brubaker, katika kitabu chake cha 1996, aliichambua hali hiyo kama mvutano wa pande tatu: jamii ndogo, dola inamoishi, na nchi ya asili iliyo nje ya mipaka.

Afrika Mashariki inayo mivutano yake ya namna hiyo. Wasomali wa kaskazini mashariki ya Kenya, kama Warusi wa Narva, walichorewa mpaka wakiwa kwao. Wahindi, kwa upande wao, walivuka bahari, na nchi yao ya asili ikabadilika nyuma ya migongo yao. Makala hii inawashughulikia Wahindi wa Machakos kwa sababu kisa chao kinaleta mbele swali linalohusu taaluma ya fasihi moja kwa moja, nalo ni hili: je, lugha inaweza kumpa mtu uenyeji ambao dola inamnyima? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba Kiswahili kiliyapa maneno ya Wahindi uraia kamili mapema mno, lakini wasemaji wenyewe kimewaacha mlangoni hadi leo. Methali iliyotumiwa katika anwani inaubeba ukweli huo: kiatu kinapokelewa, mwenye kiatu hapokelewi.

2. Kutoka Ngomeni hadi Relini

Mji wa Machakos ulichukua jina lake kutoka kwa Masaku, kiongozi wa Wakamba. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki iliweka kituo chake hapo mwaka 1889, na kwa miaka kumi mji huo ukawa makao makuu ya utawala wa Waingereza katika bara. John Ainsworth aliyatawala maeneo hayo kutoka Machakos tangu 1892 hadi alipohamia Nairobi mwaka 1899. Sababu ya kuhama ilikuwa reli. Njia ya reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilipita Kibwezi, Makindu, Sultan Hamud na Konza, ikauacha mji wa Machakos kando.

Reli hiyo ilijengwa na vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi. Kiasi cha 2,500 walikufa kazini, na wapatao 6,700 walibaki mikataba yao ilipokwisha. Hata hivyo, ni kosa la kawaida kudhani kwamba wenye maduka wa Kihindi ni watoto wa vibarua hao. Wengi wa wafanyabiashara walikuja kwa hiari yao wenyewe kutoka Gujarat na Kachi, wakifuata njia za biashara zilizokuwa zimeifungamanisha pwani ya Waswahili na Bara Hindi karne nyingi kabla ya ukoloni. Alidina Visram, aliyeanzia pwani, alieneza maduka yake kando ya reli hadi Uganda, na wadogo wake katika biashara wakafuata nyayo hizo.

Katika Wilaya ya Machakos ya wakati ule, ambayo hadi 1992 ilijumuisha pia eneo ambalo sasa ni Makueni, Wahindi walikaa mahali palipotengwa. Nyanda za juu zilikuwa za walowezi wa Kizungu. Ardhi ya rizavu ilikuwa ya Wakamba. Mhindi alibakiwa na kiwanja cha mjini au cha kituo cha biashara, chenye duka mbele na nyumba nyuma. Kwa hiyo utaratibu wa kikoloni ulimkalisha baina ya Mzungu aliyetunga sheria na Mkamba aliyeleta ngozi, nta na mahindi. Bei ilipokuwa mbaya, uso ulioonekana ulikuwa wa Mhindi. Hayo hayaondoi ukweli kwamba wako wenye maduka waliopunja mizani, na kwamba Mwafrika aliyetaka kufungua duka alibanwa na sheria za leseni na za kudhibiti mikopo. Malalamiko ya Wakamba yalikuwa na msingi, ingawa aliyeuweka msingi huo hakukaa nyuma ya kaunta.

Makindu, jengo moja linasimulia upande mwingine wa historia hiyo. Hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 kando ya reli limeendelea kumpokea msafiri yeyote, wa dini yoyote, na kumpa chakula na malazi bila malipo. Kwa wasafiri wa barabara ya Mombasa, jina la Makindu na ukarimu huo ni vitu visivyotengana.

3. Jina na Walioitwa

Utambulisho wa jamii ndogo huanza na jina inalopewa na wengine. Istilahi ya "wazungumzaji wa Kirusi" inawaweka katika kapu moja watu wa makabila na dini mbalimbali kwa sababu tu ya lugha waliyoshirikiana. Neno "Wahindi" katika Kiswahili linafanya kazi inayofanana na hiyo kwa njia ya kinyume, kwani linawakusanya watu wasio na lugha moja wala dini moja: Wagujarati, Wakachi, Wapunjabi na Wagoa, Waislamu wa madhehebu kadhaa, Wahindu, Wajaini, Masingasinga na Wakristo.

Kiswahili hakikukosa majina ya kuwapambanua. Banyani ni Mhindu, hasa mfanyabiashara. Kalasinga ni Msingasinga, na jina hilo huhusishwa na Kala Singh, mmoja wa wafanyabiashara wa mwanzo wa jamii hiyo waliozunguka bara. Kwa njia hiyo jina la mtu mmoja likawa jina la umma mzima. Walowezi nao walilitwaa neno la Kiswahili "duka" wakalibandika kiambishi cha Kihindi, wakapata "dukawala", neno ambalo ni chotara kama maisha ya aliyeitwa hivyo.

Mwaka 1947 Bara Hindi liligawanywa, zikapatikana India na Pakistan. Mgawanyiko huo ulivuka bahari. Katika Kenya, Waislamu wa asili ya Bara Hindi walitengewa orodha yao ya wapiga kura mwanzoni mwa miaka ya hamsini, na lugha rasmi ya Kiingereza ikalipendelea jina la "Waasia", kwa vile "Wahindi" halikuwafaa tena raia watarajiwa wa nchi mbili. Kiswahili cha sokoni hakikushughulishwa na jambo hilo. Kwa Mkamba aliyekwenda dukani, mwenye duka alikuwa Mhindi kabla ya 1947 na akawa Mhindi baadaye. Nchi ya asili ilipasuka, jina halikupasuka. Hapa panaonekana jinsi utambulisho unavyoweza kuendeshwa na mahali pa kuishi kuliko mahali pa asili.

4. Karatasi na Miaka Miwili

Uhuru wa Kenya ulipokaribia, nchi ya asili haikujitokeza kuwadai watu wake. Jawaharlal Nehru aliwasihi mara nyingi Wahindi wa ng'ambo wajitambulishe na wenyeji wa nchi walizokaa na wasitafute upendeleo. Katiba ya 1963 ilimpa uraia moja kwa moja mtu aliyezaliwa Kenya ikiwa angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Kenya. Wengine waliokuwa na haki ya kuandikishwa walipewa miaka miwili, hadi Desemba 1965. Wengi walisita. Zilikuwapo familia ambazo ndugu mmoja alijiandikisha na mwingine akabaki na pasipoti ya Kiingereza, ili lolote likitokea pawe na mlango wazi.

Wenye siasa waliitafsiri hali hiyo kuwa ni ukosefu wa uaminifu, lakini tafsiri hiyo inaisahau historia. Ndani ya jamii hiyo hiyo alitoka Makhan Singh, mwanachama wa vyama vya wafanyakazi aliyedai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki mbele ya umma mjini Nairobi mwezi wa Aprili 1950, akafungwa na kuzuiliwa hadi 1961. Alitoka pia Pio Gama Pinto, aliyeuawa Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Kusita kwa mwenye duka wa Machakos na ushujaa wa watu hao ni majibu mawili kwa swali moja, na haifai jibu la kwanza litumiwe kulifuta la pili.

Mwaka 1967 zilipitishwa sheria mbili, moja ya uhamiaji na nyingine ya leseni za biashara. Ya pili iliiwezesha serikali kuwazuia wasio raia kufanya biashara nje ya maeneo maalumu ya miji mikubwa, na kuhusu bidhaa fulani. Sheria hiyo iliigusa miji midogo na vituo vya reli kwa nguvu zaidi. Kwa wafanyabiashara wa Kiafrika, mlango uliofungwa kwa miongo kadhaa ulifunguliwa. Kwa jirani yao asiye na karatasi, duka lilikuwa na nyumba, na kulifunga duka kulikuwa ni kuhama. Uingereza nayo, kwa haraka ya siku chache, ilipitisha sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 1968, ikawazuia kuingia wenye pasipoti zake wasio na mzazi wala babu aliyezaliwa huko. Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilishutumu ubaguzi uliokuwamo. Hesabu za watu zinaonyesha matokeo: mwaka 1962 walikuwapo Kenya watu zaidi ya 176,000 wa jamii hiyo, mwaka 1969 walibaki wapatao 139,000.

Katika mvutano huo, pande za Brubaker zilikuwa zimeongezeka zikawa nne. India ilikuwa nchi ya asili, Uingereza ilikuwa nchi ya karatasi, Kenya ilikuwa dola ya makazi, na jamii yenyewe ilisimama katikati ikiwa haina dola hata moja iliyosema bila masharti: huyu ni wetu.

5. Lugha ya Kaunta na Sikio la Fasihi

Msamiati wa Kiswahili unatoa ushahidi tofauti. Gari, laki, bima, hundi, dobi, chapati, kachumbari: hakuna Mswahili anayeyaona maneno haya kuwa ya wageni. Yamepewa ngeli, yamepata wingi, yamezaa misemo. Kwa upande wa pili, Kikachi cha Afrika Mashariki kimechota maneno ya Kiswahili kwa wingi. Katika bara, mwenye duka asiyejua lugha ya wateja hakuweza kuuza, na kwa hiyo Kikamba kilikuwa lugha ya kazi nyuma ya kaunta za Wahindi kabla hakijawahi kufikiriwa kuwa kipimo cha uraia.

Kinachostaajabisha ni namna fasihi na sanaa za maonyesho zilivyoyasikia mazungumzo hayo. Katika vichekesho vya jukwaani na vya redio, Mhindi amekuwa mhusika bapa: mchoyo, mwoga, mwenye Kiswahili kilichovunjika kinachosema "veve" badala ya "wewe" na "iko" kila mahali. Lakini "iko" hiyo si mali ya Mhindi peke yake. Ni sifa ya Kiswahili cha bara kilichosemwa na mlowezi kwa mpishi wake, na karani kwa kibarua, Waafrika wa bara wakiwamo. Mchekeshaji anapomtwika Mhindi kasoro za lahaja nzima, anaitakasa lahaja kwa kumtoa kafara msemaji mmoja. Sikio linalocheka limechagua la kusikia.

Fasihi ya Kiingereza iliyoandikwa na Wakenya na jirani zao imekwenda hatua kadhaa mbele. Katika A Grain of Wheat (1967), Ngũgĩ wa Thiong'o anayaweka maduka ya Wahindi katika soko la Rung'ei kama sehemu ya mandhari ya uchumi wa kikoloni. Huko Mhindi anaonekana zaidi kuliko anavyosikika. M. G. Vassanji, katika The In-Between World of Vikram Lall (2003), anampa mjukuu wa kibarua wa reli nafasi ya kujisimulia mwenyewe, pamoja na hatia zake. Tofauti kati ya riwaya hizo haiko katika huruma. Iko katika nani anayeshika usimulizi. Katika Kiswahili, lugha ambayo wahusika hao wawili, Mhindi na Mkamba, waliitumia kweli walipokutana, usimulizi wa namna hiyo bado ni haba mno.

6. Hitimisho

Mwezi wa Julai 2017 serikali ya Kenya iliwatangaza Wakenya wa asili ya Kiasia kuwa kabila la 44 la nchi. Katika hesabu ya 2019 walihesabiwa 47,555. Utambuzi huo una thamani, lakini unazua kinaya: jamii isiyo na lugha moja wala dini moja ililazimika kuitwa kabila ili ihesabiwe kuwa ya hapa, kana kwamba Kenya haijapata bado njia nyingine ya kusema kuwa mtu ni mwenyeji.

Njia nyingine ipo, na imo ndani ya sheria yenyewe. Katiba ya zamani ilimtaka mgeni anayeomba uraia wa tajinisi awe na ujuzi wa kutosha wa Kiswahili. Sheria ya uraia ya 2011 inaridhika na Kiswahili au lugha ya wenyeji. Estonia na Latvia ziliiweka lugha kuwa kizingiti ambacho wengi wa Warusi walikuwa hawajawahi kukivuka. Wahindi wa Machakos walikuwa wamekwisha kukivuka chao zamani, kaunta kwa kaunta, kwa lugha mbili, na hakuna aliyewaandikia alama.

Kazi ya kuwaandikia alama hiyo haiwezi kuachiwa idara ya uhamiaji. Ni kazi ya uhakiki na ya utafiti wa fasihi simulizi: kukusanya mazungumzo ya wazee wa pande zote mbili za kaunta, wa Machakos, Makindu na Sultan Hamud, na kuyasoma kama matini ya Kiswahili yenye hadhi sawa na matini nyingine. Wazee hao wanapungua kila mwaka. Wakiondoka kabla ya kusikilizwa, kitakachosalia ni "veve" ya mchekeshaji, na methali inayokisifu kiatu na kumsahau aliyekivaa.