Ncha Nyingi, Si Nguzo Nyingi

Tarehe 23 Aprili 1997, mjini Moscow, Boris Yeltsin wa Urusi na Jiang Zemin wa China walitia saini tamko la pamoja kuhusu dunia ambayo nguvu zake hazitashikwa na taifa moja. Muungano wa Kisovieti ulikuwa umevunjika miaka mitano na ushee tu kabla ya hapo, na Marekani haikuwa na mshindani. Istilahi iliyobeba tamko lile ilikuwa ya wasomi wa uhusiano wa kimataifa. Sasa ni ya marais na mawaziri, na kila mkutano wa kundi la nchi za BRICS unaipa uhai mpya. Kwa Kiswahili inatufikia kwa sura nyingi: mara dunia ya kambi nyingi, mara ya nguzo nyingi, mara ya pande nyingi, mara ya ncha nyingi. Wengi huzichukua kama njia tofauti za kusema jambo lilelile. Sivyo. Kila neno kati ya hayo lina dai lake kuhusu dunia, na ni ncha peke yake inayosema kile ambacho istilahi ilikusudiwa kusema.

Nguzo inapendeza masikioni, na kwa sababu hiyo inapotosha zaidi. Chanzo cha kosa kinaonekana. Katika Kiingereza, maneno mawili ya asili tofauti yamekuja kufanana kimatamshi na kimaandishi, yote yakiwa pole: moja lilitoka Kilatini, nalo ni mti uliosimikwa ardhini, la pili lilitoka Kigiriki, nalo ni mhimili ambao mbingu ilidhaniwa kuuzunguka, kisha likawa jina la miisho miwili ya dunia na ya sumaku. Istilahi ya kisiasa imezaliwa na hilo la pili. Warusi wanatumia neno lilelile wanalotumia kwa Ncha ya Kaskazini, na Wachina vivyo hivyo. Lakini hata tukisamehe suala la asili, maana yenyewe inagoma. Nguzo hubeba. Itazame nyumba ya msonge: nguzo ya kati imesimama wima, paa lote limeegemea juu yake, nayo ikioza nyumba inalala. Nguzo haivutii paa upande wake, wala nguzo mbili hazigombei ukuta. Kuziita Marekani, China, Urusi na India nguzo ni kusema kwamba zinatusitiri, kwamba zikiwa nyingi ndipo tutakapolala salama zaidi. Pengine siku moja itakuwa kweli. Hata hivyo hilo ni jambo la kuthibitishwa kwa hoja, halipaswi kupenyezwa ndani ya jina kabla mjadala haujaanza. Wanaopendelea mihimili wanaingia shimo hilohilo, kwani mihimili ya dola tunayoijua, yaani Serikali, Bunge na Mahakama, imegawiwa kazi na Katiba moja. Mataifa makubwa hayana Katiba iliyo juu yao.

Ncha tunaijua tangu shule ya msingi. Weka sumaku chini ya karatasi, nyunyiza unga wa chuma juu yake, kisha gongagonga karatasi kwa kidole: chembe zinajipanga kwa mistari iliyopinda, zinasongamana kwenye ncha, zinapungua kadiri unavyokwenda mbali. Ongeza sumaku ya pili na ya tatu. Mistari inavunjika, chembe za katikati zinaelekea huku na kule, na zile zilizo jirani kabisa na ncha zinabaki zimenasa. Picha tunayoihitaji ndiyo hii, ya nguvu inayovuta na kusukuma na kufifia kwa umbali. Tena istilahi hii ina ndugu wawili, ile ya enzi ya Vita Baridi na ile ya miaka iliyofuata, na ncha inawazaa wote bila taabu: dunia ya ncha mbili, dunia ya ncha moja, dunia ya ncha nyingi. Jaribu kusema dunia ya kambi moja uone inavyokwama; kambi huwa kambi kwa sababu kuna nyingine ng'ambo. Mwanafizikia atakumbusha kuwa sumaku ya ncha moja haipo. Ni kweli, lakini lugha zote zilizoazima picha hii zimeinyoosha hivyohivyo.

Kambi, hata hivyo, lilikuwa neno sahihi la wakati wake. NATO iliundwa 1949, Mkataba wa Warsaw ukafuata 1955, na nchi changa zikabanwa zichague hata katika mambo ya itifaki. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi Tanzania kwa sababu Ujerumani Mashariki iliruhusiwa kufungua ubalozi mdogo Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere akaitaka iondoe na misaada yake mingine. Katika enzi hiyo tulipata tafsiri nzuri mno, kutofungamana na upande wowote, ambayo ndani yake unaiona kamba yenyewe. Sasa angalia tarehe 2 Machi 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopigia kura azimio la kushutumu uvamizi wa Urusi nchini Ukraine. Nchi 141 ziliunga mkono, 5 zilipinga, 35 zilijizuia. Kati ya nchi sita zilizokuwa wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakati huo, Kenya na Rwanda ziliunga mkono. Tanzania, Uganda, Burundi na Sudan Kusini zilijizuia. Hakuna iliyohesabiwa kuwa imehama kambi.

Reli inaonyesha mabadiliko haya kwa karibu zaidi. Tanzania na Zambia zilipotafuta njia ya kuikwepa Rhodesia, nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilikataa kugharamia. China ikakubali, na kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi zikajengwa kati ya 1970 na 1975. Mlango mmoja ulifungwa, mwingine ukafunguka, basi. Reli ya SGR ya Tanzania ina hadithi nyingine. Kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro kilipewa Yapı Merkezi ya Uturuki pamoja na Mota-Engil ya Ureno. Cha Mwanza hadi Isaka kikapewa kampuni za China. Treni za umeme zimetoka Korea Kusini. Na sehemu ya mkopo iliratibiwa na benki ya Standard Chartered kwa dhamana za mashirika ya Denmark na Sweden. Hiyo ni reli moja, na hakuna kambi inayoweza kudai kuwa ni yake.

Pande nyingi tuliache lifanye kazi yake yenyewe, ambayo ni kutaja utaratibu wa nchi nyingi kukaa pamoja na kuamua kwa kanuni. Huo ni utaratibu wa kazi. Ncha nyingi ni hali ya mgawanyo wa nguvu, na kimoja kinaweza kuwapo bila kingine. Shirika la Biashara Duniani lilianza 1995, wakati wa ncha moja. Ulaya ya kabla ya 1914 ilikuwa na ncha nyingi bila baraza lolote la kudumu la kuzisuluhisha.

Wapo watakaosema ncha ni neno kali: msikilizaji atafikiria kisu, mkuki, sindano. Nakubali kwamba ukali umo, na sioni sababu ya kuuondoa. Ulaya ile ya ncha nyingi iliingia vitani Agosti 1914, na Novemba mwaka huohuo watu walikuwa wakiuana Tanga. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika vita hivyo. Istilahi inayobakiza kumbukumbu ya uchungu huo inamtendea msomaji haki kuliko ile inayompumzisha.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaouliza kama ncha hizo kweli ni nyingi. Mwaka 2024, kwa hesabu za taasisi ya SIPRI ya Stockholm, Marekani ilitumia dola bilioni 997 kwa majeshi yake, na China inakadiriwa kutumia bilioni 314. Hao wawili peke yao wanakaribia nusu ya matumizi ya dunia nzima. Kwa bunduki, basi, wingi bado haujaonekana. Katika akiba za fedha za kigeni, sehemu ya dola imeshuka kutoka takriban asilimia 71 mwaka 1999 hadi chini ya 60, lakini hakuna sarafu nyingine inayoikaribia. Biashara na ujenzi ndiko wingi uliko wazi, kama reli ile inavyoonyesha. Jibu langu ni kwamba pingamizi hili linaitengeneza istilahi, haliivunji: anayeandika ncha nyingi analazimika kutaja ni ncha za nini. Nguzo haimlazimishi mtu kueleza chochote.

Kuna pia wanaolitamka neno hili kwa matumaini, kana kwamba wingi wenyewe ni haki. Tanzania iliporudisha vyama vingi mwaka 1992, neno vingi lilitaja idadi. Uhuru wa kura ulibaki kazi ya kupiganiwa. Ndivyo ilivyo kwa dunia. Baraza la Usalama liliongezwa viti kutoka 11 hadi 15 mwaka 1965, vyote vilivyoongezwa vikiwa vya muda. Wenye kura ya turufu ni wale wale watano wa 1945, wawili kati yao wakiwa haohao waliotia saini Moscow, na Afrika yenye nchi 54 wanachama wa Umoja wa Mataifa haina kiti cha kudumu hata kimoja.