Sweta na Mwili: Historia ya Kurekebisha Vazi la Kufumwa kwa Mkono

Sweta ya kufumwa kwa mkono hutokana na uzi mrefu ambao mfumaji huupinda kwa sindano mbili au zaidi na kuufanya safu za vitanzi, kila kitanzi kikipita ndani ya kile kilichokitangulia na kukishikilia kile kinachokifuata. Kitambaa cha mtandani, ambacho nyuzi zake hukatizana, hupata umbo la mwili pale tu fundi cherehani anapokikata kwa mkasi na kukishona, lakini kitambaa cha vitanzi hupata umbo lake wakati uleule kinapofumwa, kwa kuongeza kitanzi pale mwili unapopanuka na kupunguza kitanzi pale unapobana. Zaidi ya hayo, kitambaa hicho kinaweza kufumuliwa kikarudi kuwa uzi, na uzi huo ukafumwa upya. Kwa sababu hiyo, kurekebisha sweta ili imkae mtu mwenye kifua kipana, mikono mirefu au tumbo kubwa kulikuwa sehemu ya ufumaji wenyewe tangu zamani, na jamii zilizoishi kwa kazi ngumu penye baridi kali ziliutunza ujuzi huo kwa uangalifu mkubwa.

Mfano ulio wazi ni sweta ya wavuvi wa Uingereza na Uskoti iitwayo gansey, jina linalohusishwa na kisiwa cha Guernsey, ambayo katika karne ya 19 ilikuwa vazi la kawaida la kazi katika bandari kama Whitby, Filey, Sheringham na Polperro. Ilifumwa kwa uzi wa sufu uliosokotwa sana, aghalabu wa buluu iliyokolea, na vitanzi vyake vilibanwa kiasi kwamba upepo na manyunyu ya bahari havikupenya kwa urahisi. Wafumaji walikuwa zaidi wanawake, wakiwamo wale waliosafiri kila msimu kutoka Uskoti hadi Great Yarmouth na Lowestoft kupasua na kutia chumvi samaki aina ya heringi, nao waliendelea kufuma huku wakitembea au wakingojea mashua zifike.

Vazi hilo lilipaswa kumkaa mvuvi kwa kubana ili lisinase kwenye kamba na nyavu, na papo hapo limwachie nafasi ya kuinua mikono na kuvuta mzigo mzito. Wafumaji waliikidhi haja hiyo kwa kipande chenye umbo la almasi chini ya mkono, kilichoanza kwa kitanzi kimoja ubavuni, kikapanuka safu kwa safu hadi kwapani, kisha kikapungua taratibu ndani ya mkono wa sweta. Mafundi wa kanzu wa pwani ya Afrika Mashariki hukijua kipande cha aina hiyo kwa jina la kikwapa, na kazi yake ni ileile: badani iliyonyooka hupata upana unaohitajika mahali mkono unapogeukia, bila kuharibu umbo la vazi zima. Mfumaji aliyemfumia mtu mwenye mabega mapana aliweza kukikuza kikwapa kwa safu chache tu, na sehemu nyingine za sweta zikabaki na hesabu yake ya kawaida.

Mpangilio wa mikono ya gansey waonyesha kwa uwazi zaidi kwamba marekebisho yalifikiriwa kabla ya uzi wa kwanza kuwekwa kwenye sindano. Kitambaa cha vitanzi hufumuka kwa wepesi kuanzia mwisho wake, yaani pale mfumaji alipofungia kazi, lakini hakifumuki kwa wepesi kuanzia pale alipoanzia. Kwa kuwa sehemu za kwanza kuchakaa ni kifundo cha mkono na kiwiko, wafumaji waliokota vitanzi kwenye bega na kuufuma mkono kuelekea chini, hivyo kwamba mwisho wa kazi uliangukia kwenye kifundo. Mkono ukichakaa, ukiwa mfupi kwa kijana aliyeendelea kukua, au ukiwa mrefu kwa mdogo wake aliyerithi sweta, ulifumuliwa hadi mahali palipo pazima na kufumwa tena kwa kipimo kipya. Ndiyo maana pia mapambo ya gansey mara nyingi yalikaa kifuani na sehemu ya juu ya mkono, huku sehemu ya chini ikiachwa wazi, kwa sababu sehemu isiyo na mapambo hufumwa upya haraka na haionyeshi kiraka. Mbele na nyuma zilifanana, hivyo mvuvi aliweza kuigeuza sweta ili isichakae upande mmoja tu.

Badani yenyewe, iliyofumwa kutoka pindoni kwenda juu, ilidai mbinu nyingine, kwa kuwa mwanzo wake ndio uliokuwa chini. Mfumaji aliyetaka kuirefusha alikata kitanzi kimoja tu juu ya pindo, akauvuta uzi wa safu hiyo polepole kuzunguka kiwiliwili, na pindo likaachana na badani bila uharibifu wowote. Vitanzi vilivyobaki wazi vilirudishwa kwenye sindano, kisha kazi ikaendelea kwenda chini kwa urefu uliotakiwa. Na aliyetaka kufupisha alifanya hivyohivyo, akikata juu zaidi na kufuma pindo jipya.

Katika visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Uskoti, wafumaji walithubutu kuutumia hata mkasi. Sweta zao za rangi nyingi, zinazojulikana kwa jina la kisiwa cha Fair Isle, zilifumwa kwa mviringo kama bomba, na mahali pa shimo la mkono au mpasuko wa mbele paliongezwa vitanzi vichache vya ziada, ambavyo baadaye vilikatwa katikati kutoka chini hadi juu. Sufu ya kondoo wa Shetland ina nywele zinazong'ang'aniana, na kwa hiyo ukingo uliokatwa haukufumuka ovyo. Mbinu hiyo iliwezesha sweta iliyozibwa mbele kugeuzwa kuwa ya vifungo, au kuongezewa ukanda wa kuipanua kifuani. Baada ya kufuliwa, sweta iliyolowa ilivishwa fremu ya mbao yenye mikono inayosogezwa kwa kipimo, na sufu ilipokauka ilishika upana na urefu wa fremu hiyo.

Maarifa hayo yalipitishwa kwa mkono na kwa jicho, kutoka kwa mama hadi kwa binti, mpaka maelekezo yaliyochapishwa yalipoanza kutawala. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 kampuni za uzi zilieneza vijikaratasi vilivyomwelekeza mfumaji safu kwa safu, na vingi vilitoa kipimo kimoja tu cha kifua kwa mwanamke, aghalabu inchi 34 au karibu yake. Sweta hizo zilifumwa vipande vipande kisha zikashonwa, kwa kuiga kazi ya cherehani, na mfumaji ambaye mwili wake haukulingana na karatasi aliachwa peke yake. Hapo lilitokea kosa kubwa katika historia ya ufundi huu: mwili ulianza kuonekana kuwa ndio wenye kasoro, ilhali kasoro ilikuwa katika kipimo.

Vita Kuu ya Pili iliurudisha ujuzi wa zamani kwa nguvu ya dhiki. Nchini Uingereza nguo ziligawiwa kwa kuponi kuanzia tarehe 1 Juni 1941 hadi Machi 1949, uzi wa kufumia ukiwamo, na mwaka 1943 serikali ilitoa kijitabu cha kuhimiza watu kukarabati na kugeuza walichonacho. Sweta kuukuu zilifumuliwa, uzi wake uliojikunja ukazungushiwa mgongo wa kiti, ukafungwa sehemu kadhaa usitatizike, ukafuliwa na kutundikwa na kitu kizito chini yake hadi ukanyooka. Sweta ya baba iliweza kuwa za watoto wawili, na mbili ndogo zilizochakaa zikawa moja ya mtu mzima yenye mistari.

Aliyeyapa maarifa hayo hesabu iliyo rahisi kufundishika ni Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1910 na kuishi sehemu kubwa ya maisha yake katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Katika kitabu chake Knitting Without Tears cha mwaka 1971 alieleza utaratibu wa asilimia, ambao huanza na vitanzi vya kifua vikihesabiwa kuwa 100, kisha kila sehemu nyingine hukadiriwa kutokana navyo. Mtu mwenye kifua cha sentimita 100, akifumiwa kwa vitanzi 2 katika kila sentimita, atahitaji vitanzi 200 vya badani. Kifundo cha mkono kitachukua asilimia 20, yaani vitanzi 40. Sehemu ya juu ya mkono asilimia 33, yaani 66. Kwapa asilimia 8, yaani 16. Na shingo asilimia 40, yaani 80. Uwiano huo ulikuwa mahali pa kuanzia tu, na mwenye mikono minene aliongezewa asilimia bila kuvuruga hesabu nzima. Mwaka uliofuata Barbara Walker alichapisha Knitting from the Top, kitabu kilichoeleza namna ya kuianza sweta shingoni na kuteremka, ili mvaaji aijaribu mwilini kabla haijakamilika.

Kwa kifua au tumbo lililojitokeza, wafumaji hutumia safu fupi, yaani safu ambazo mfumaji hazimalizi bali hugeuka njiani na kurudi alikotoka, hivyo kwamba mbele ya sweta hupata safu nyingi kuliko nyuma. Nafasi hupatikana pale palipojaa, na pindo hubaki limenyooka badala ya kupanda mbele.

Mipaka ya ufundi huu huonekana hata katika marobota ya mitumba yanayofika Afrika Mashariki. Sweta nyingi za kiwandani hukatwa kutoka kitambaa kikubwa cha vitanzi, na anayejaribu kuzifumua huambulia nyuzi fupi zilizokatika kila ukingo. Sweta iliyofumwa kwa umbo, yenye kingo nzima ndani ya mishono yake, hutoa uzi mrefu unaofaa kufumwa tena. Kwa hiyo anayenunua sweta kwa ajili ya baridi ya Njombe, Lushoto au Limuru na aigeuze kwanza nje ndani aitazame mishono yake. Kingo zikiwa nzima, vazi hilo bado linaweza kumfuata mvaaji wake, kama lilivyomfuata mvuvi wa Whitby na mdogo wake aliyelirithi.