Kanda, Matini na Hifadhi: Nyimbo za Mukabi wa Kisa

George Mukabi, mpiga gitaa wa Kisa, nchi ambayo leo ndiyo Khwisero katika Kaunti ya Kakamega, alifariki mwaka 1963. Hakuacha diwani; aliacha santuri. Wimbo wake mashuhuri, "Sengula Nakupenda", aliuimba kwa Kiswahili, na jambo hilo pekee lingetosha kumpa nafasi katika historia ya ushairi wa Kiswahili wa bara, historia ambayo wahakiki wengi wameianzia pwani na kuimalizia huko huko.

Aliyemwingiza Mukabi katika taaluma hakuwa mhakiki wa fasihi. Ni John Low, mpiga gitaa aliyejifunza kwa wanamuziki wenyewe, ambaye makala yake juu ya gitaa la Kenya tangu 1945 hadi 1980 yalitolewa na jarida la African Music mwaka 1982. Jarida hilo, lililoanza 1954, sasa lasomwa bila malipo katika mtandao wa Chuo Kikuu cha Rhodes. Hivyo mwanafunzi wa Kakamega aweza kuyapata makala. Je, atapata nini cha kuyapimia?

Swali hili lina historia. Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai kwamba fasihi simulizi iwekwe katikati ya masomo ya fasihi jijini Nairobi. Wanafunzi wakatumwa vijijini kukusanya. Wakarudi na ngano na nyimbo, wakazinukuu, wakazifasiri, wakatunukiwa shahada. Tasnifu ikaenda maktabani. Kanda, aghalabu, ikabaki sandukuni mwa mtafiti, na kanda haivumilii joto wala vumbi.

Programu ya DSpace ilipotolewa mwaka 2002, na baadaye vyuo vya Kenya vilipofungua hifadhi zao za kidijitali, mazoea hayo yalihamia humo pamoja na tasnifu. Kinachowekwa ni hitimisho, ushahidi haumo. Kwa fasihi simulizi hasara hii si ndogo. Mnukuzi akisikia Kiswahili chenye lafudhi ya Kiluhya, hushawishika kukisanifisha. Mlio wa chupa ya soda inayokwaruzwa, ambao katika omutibo ndio unaoshika mwendo wa ubeti, haumo katika karatasi. Mhakiki anayehesabu mizani juu ya nukuu kama hiyo humhakiki mnukuzi, akidhani anamhakiki Mukabi.

Yapo mapingamizi, na yafaa yasikilizwe. Sauti ni mali ya mwenyewe na ya jamaa zake. Kenya ilitunga sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jadi mwaka 2016, na ya kulinda data za watu mwaka 2019. Lakini sheria hizo zadai idhini, hazidai usiri. Hifadhi yaweza kuonyesha maelezo ya kanda kwa kila mtu, ikaifungua sauti yenyewe kwa masharti waliyokubali walioimba. (Ajabu ni kwamba tasnifu nyingi zenye nyimbo za watu zimefunguliwa kwa ulimwengu mzima bila swali hilo kuulizwa.) Idhini hiyo ni nyepesi kuombwa siku ya kurekodi. Miaka thelathini baadaye huombwa kwa wajukuu, ambao huenda wao ndio watakaouliza kwanza kanda iko wapi.