Black Panther (mhusika wa katuni)

Black Panther ni mhusika wa vitabu vya katuni vya kampuni ya Marvel ya Marekani, aliyebuniwa na Stan Lee na mchoraji Jack Kirby. Alijitokeza mara ya kwanza katika toleo la 52 la Fantastic Four, Julai 1966.

Mhusika. Jina lake ni T'Challa, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuni barani Afrika yenye utajiri wa madini ya vibranium. Katika kisa cha kwanza anawaalika mashujaa wanne wa Fantastic Four nchini mwake, kisha anawawinda mmoja mmoja. Lengo lake ni kujipima nguvu kabla ya kupambana na Klaw, muuaji wa baba yake, T'Chaka.

Watunzi. Don McGregor ndiye aliyemjengea T'Challa ulimwengu wake: katika "Panther's Rage" (1973–1975) alihamishia hadithi Wakanda na kumleta hasimu mkubwa, Killmonger. Christopher Priest (1998–2003) aliongeza Dora Milaje, walinzi wa kike wa mfalme. Reginald Hudlin alimleta Shuri, dada wa T'Challa, mwaka 2005. Ta-Nehisi Coates alishika kalamu mwaka 2016, akichorewa na Brian Stelfreeze.

Pa kuanzia. Msomaji mgeni aanze na "Panther's Rage", kisa kinachojitosheleza. Aliyetazama filamu ya Black Panther ya 2018 atamtambua Killmonger mara moja. Kisha asome Coates, anayeuliza swali zito: je, taifa lenye hekima linahitaji mfalme?