Tikiti ya Kutwa

Kabla ya kuwa mtu, kibarua kilikuwa karatasi. Edward Steere, katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja kilichochapwa mwaka 1870, anaeleza kwamba kibarua ni tikiti, na kwamba watu wa kazi za kutwa waliitwa vibarua kwa kuwa kila siku walipewa tikiti na kuirudisha walipolipwa. Wengi wao walikuwa watumwa waliokodishwa mjini, wakigawana ujira na mabwana zao. Utumwa ulipokomeshwa kisheria Unguja mwaka 1897, bwana alitoka katika hesabu, tikiti haikutoka. Siku moja, ujira mmoja, kesho Mungu anajua. Naona hapo ndipo pa kuanzia tukiuliza kwa nini mtu wa mjengo, awe Nairobi au Dar es Salaam, anapanda jukwaa la miti huku akiona misumari imelegea.

Wengi hujibu kwamba haijui hatari, au anataka kuonyesha ujasiri. Kutojua hakusimami hata kidogo. Mtazame anayepandisha karai la zege kwenye ngazi ya mbao: kila unyayo anautua juu ya kipingo, anakwepa ubao unaonesa, anampigia kelele wa chini asogee. Huyo hahitaji kufundishwa hatari. Hoja ya ujasiri ina ukweli wake, maana anayesitasita huchekwa na kuitwa mwoga. Ila ujasiri huo una mnunuzi. Alfajiri watu husimama getini, nyapara akawanyooshea kidole anaowataka. Aliyelalamikia jukwaa jana hafokewi wala hafukuzwi. Kidole kinamruka tu.

Mpinzani makini atanikumbusha Mombasa. Huko kibarua alikuwa na uhuru ambao mwajiriwa wa mwezi hakuwa nao: akichukia kazi, haendi. Mgomo wa 1939 ulianza kwa wafanyakazi wa idara ya ujenzi ya serikali, ukaingia bandarini, na mwaka 1947 mji mzima ukasimama. Wakubwa wa kikoloni waliuogopa uhuru huo kiasi kwamba walianza kuwasajili makuli wa bandarini ili wawe na kazi ya kudumu. Nakubali yote hayo. Lakini uhuru ule ulikuwa na nguvu walipoondoka kwa pamoja; anayeshuka jukwaani peke yake amempisha mwenzake tu. Tena bandari haihami. Jengo likishaezekwa, fundi na saidia fundi wake wametawanyika, na usajili ungewafuata wapi?

Kenya ilitunga sheria ya usalama na afya kazini mwaka 2007. Inamtaka mfanyakazi aripoti hatari kubwa kwa msimamizi, na mwajiri asimrudishe hapo mpaka irekebishwe. Ni sheria nzuri, na wanaosema kasoro ni utekelezaji wana haki kwa sehemu. Ila hata ikitekelezwa neno kwa neno, inamchukulia mfanyakazi kama mtu mwenye kazi ya kurudi. Aliyefutwa tunasema kibarua chake kimeota nyasi. Cha mtu wa mjengo hakipati hata muda wa kuota: kiliisha jana jioni alipolipwa, na asubuhi hii hakuna mkaguzi anayeweza kumshtaki nyapara kwa kutomnyooshea mtu kidole.